Uzi: "Lete PF3 kwanza". Wahudumu wa afya tunatanguliza karatasi, sheria inatanguliza mgonjwa

Tabibu wa Zamu (mleta mada)

Wakuu, kwema?

Kila ikitokea ajali ya bodaboda na mtu akafia mapokezi akisubiri fomu ya polisi, PF3, mjadala ni uleule. Wananchi wanatukana manesi, manesi wanajibu "tunafuata sheria". Mimi ni tabibu, nimepita zahanati, kituo cha afya, na sasa niko hospitali ya wilaya. Hilo jibu la "tunafuata sheria" linanikera kuliko matusi, kwa sababu wengi wetu hatufuati sheria. Tunafuata karatasi, halafu karatasi ndiyo tunaiita sheria.

Nitazungumzia Tanzania Bara kwa kuwa ndiko ninakofanyia kazi. Zanzibar wana sheria na mabaraza yao, wa kule watatujuza.

Nianze na PF3 yenyewe. Ni fomu namba 3 ya polisi. Polisi anajaza upande wake, daktari anajaza alichokiona mwilini, fomu inarudi polisi na kesi ikifika mahakamani inakuwa kielelezo. Kazi yake inaishia hapo: ushahidi wa jeraha. Haijawahi kuwa kibali cha kufunga jeraha. Mtu anavuja damu, unamtibu, fomu itafuata. Ndugu anaweza kwenda kituoni huku wewe unatafuta mshipa wa kuweka dripu, au unawapigia polisi wenyewe waje wodini.

Cha ajabu, fomu hiyohiyo tunayoidai mlangoni kwa ukali, ikishafika mezani tunaijaza hovyo. Sehemu ya daktari unakuta imeandikwa: "Amepigwa. Ana maumivu ya mwili. Amepewa dawa." Sahihi, muhuri, kwisha. Jeraha liko wapi, haijaandikwa. Lina urefu wa sentimita ngapi, kingo zake zimekatika sawasawa kama za panga au zimechanika kama za jiwe, damu imeganda au bado inatoka, saa aliyofika, saa aliyoonwa, hakuna. Miezi inapita, unaitwa shahidi, wakili wa utetezi anakuuliza "daktari, jeraha lilikuwa mkono wa kulia au wa kushoto?" na wewe ushaona wagonjwa elfu moja tangu siku ile. Mshtakiwa anatoka, aliyebakwa au aliyekatwa panga anarudi nyumbani kuishi naye mtaa mmoja. Huo nao ni uzembe wa kitabibu, ila hakuna anayeuita hivyo kwa sababu hakuna aliyefia wodini.

Karatasi ya pili ni fomu ya idhini. Nani hajaona hii: mgonjwa yuko kwenye machela, ameshavuliwa nguo, nesi anamletea fomu na wino, "weka dole gumba hapa." Anaweka. Ukimuuliza anaenda kufanyiwa nini anasema "wamesema wataniangalia tumbo." Hapo hakuna idhini hata kama ana alama kumi za vidole. Idhini ni yale maongezi: una tatizo hili, tunataka kufanya hiki, hatari yake ni hii, usipofanyiwa litatokea hili, njia nyingine ipo au haipo, una swali? Fomu inathibitisha kwamba maongezi yalikuwepo. Kama hayakuwepo, fomu inathibitisha uongo.

Na hapohapo kuna ugonjwa mwingine, wa kumsubiri mume. Mama ana miaka 27, akili zake timamu, mtoto amechoka tumboni, mapigo ya moyo yanashuka, daktari ameamua operesheni, mama mwenyewe amekubali. Zamu inazunguka kutafuta namba ya mume aliyeko mgodini ili akubali kwa simu. Kwa nini? Mtu mzima mwenye akili timamu anajiamulia mwenyewe kuhusu mwili wake. Mume kushirikishwa ni jambo jema, mama akitaka. Kumpa mume kura ya turufu juu ya uzazi wa mkewe ni utaratibu tuliojitungia wenyewe, na umeua.

Akiwa hajitambui na ndugu hawapo? Dharura haisubiri sahihi. Unafanya kinachookoa maisha, unaandika kwenye faili kwa nini hukuweza kupata idhini, saa ngapi, nani alikuwepo, na kama kuna daktari wa pili mnashauriana naye anasaini.

Ya tatu, risiti. Hiyo nawaachia wadau maana najua mtakuja na mikuki.

Hoja yangu ni moja. Tunazishika hizi karatasi tukidhani zinatukinga, kumbe siku ya siku, mbele ya Baraza la Madaktari au hakimu, kinachomkinga mhudumu ni alichofanya na alichoandika kwenye faili. Karibuni.

---

Chuma Chakavu

Maneno matamu mkuu, ila ukifika dirishani ni yaleyale. Ninyi mnajuana na mnalindana.

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Mleta mada umeongea vizuri, lakini umeongea kama mtu ambaye zamu yake ina wenzake watatu.

Mimi usiku niko peke yangu na mhudumu mmoja wa usafi. Leba kuna wanaosukuma, wodini kuna waliotoka operesheni, na kuna mtoto njiti anahitaji kuangaliwa kila baada ya muda mfupi. Patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu, inataka nisikilize mapigo ya mtoto kila nusu saa kwa kila mama aliye kwenye uchungu. Piga hesabu mwenyewe. Nikiwa namshona mmoja, mwingine simwandikii, na asubuhi faili likiwa na mapengo naulizwa mimi. Wengine wanajaza patografu yote saa kumi na mbili asubuhi kabla ya kukabidhi zamu, nukta zimenyooka kama zimepigwa rula, na kila mkaguzi anajua maana yake.

Na hiyo risiti. Kuna hospitali moja, siitaji, mgonjwa akitoroka bila kulipa, deni linapelekwa kwa waliokuwa zamu. Sasa unamwambia nesi anayelipwa mshahara ule awe mkarimu? Mfumo wa kompyuta hautoi dawa bila namba ya malipo, ukiitoa dawa ya dharura kwenye kabati inabidi ujieleze kwa maandishi. Maadili tunayo. Ila maadili ya mtu mmoja hayawezi kuziba pengo la watumishi watano.

---

Tabibu wa Zamu

Sista, hapo sina ubishi, na hilo la kuwakata watu wa zamu deni la mgonjwa ni dhuluma, pelekeni kwenye chama cha wafanyakazi.

Ila nina la kukuongezea, maana naona halisemwi vyuoni. Tamko la Geneva, kile kiapo cha madaktari cha tangu 1948, lilirekebishwa 2017 likaongezwa ahadi kwamba daktari atatunza afya na uwezo wake mwenyewe ili atoe huduma ya kiwango cha juu. Kwa hiyo kusema "zamu hii siyo salama" ni sehemu ya wajibu wako, siyo ulalamishi. Muhimu usiseme kwa mdomo kwenye korido. Andika kwenye kitabu cha ripoti: usiku huu kulikuwa na wagonjwa kadhaa, wahudumu wawili, nilimpigia mganga mfawidhi saa fulani, akajibu hivi. Siku likitokea la kutokea, swali la kwanza litakuwa nani alijua. Waache wajue kwa maandishi.

Na patografu yenye mapengo ni bora mara mia kuliko patografu ya kubuni. Pengo linasema nilizidiwa. Nukta za kubuni ni kughushi.

---

Wakili wa Mkoani

Naomba niingie upande wa sheria, kwa kifupi maana uzi huu unaweza kujaa.

Mhudumu wa afya anaweza kujibu sehemu tatu kwa tukio moja, na moja haizuii nyingine.

Kwanza baraza lake. Madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi wana sheria yao ya 2017 na Baraza la Madaktari Tanganyika. Wauguzi na wakunga wana sheria ya 2010 na baraza lao. Mwananchi yeyote anaweza kupeleka malalamiko huko, huhitaji wakili. Baraza linaweza kuonya, kusimamisha au kufuta jina kwenye daftari, na ukifutwa huruhusiwi tena kutibu. Lakini baraza halikupi fidia, na hapa ndipo wengi wanakata tamaa wakidhani wamedhulumiwa.

Pili, jinai. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inamtaka anayejitwika jukumu la kutibu awe na ujuzi na uangalifu unaofaa, na kifo kinachotokana na uzembe wa kulaumiwa kinaweza kuwa kuua bila kukusudia, ambako adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Wasiogope sana wahudumu, maana kosa la kawaida la kibinadamu halifiki huko. Sheria hiyohiyo inamlinda anayefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi unaofaa, kwa manufaa ya mgonjwa.

Tatu, madai. Hapa ndipo fidia ilipo, na hapa ndipo watu wanachelewa. Madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3. Ukitaka kuishtaki serikali, na hospitali ya umma ni serikali, lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Watu wanakuja ofisini mwaka wa tano na picha za mazishi. Nafanyaje?

Halafu lazima uthibitishe kwamba alikuwa na wajibu kwako, akashuka chini ya kiwango cha mtaalamu wa kawaida wa kada yake, na madhara yametokana na hilo, siyo na ugonjwa wenyewe. Hicho cha mwisho ndicho kigumu. Unahitaji daktari wa kuja kusema mwenzake alikosea, na Chuma Chakavu hapo juu hajakosea sana, kumpata huyo ni kazi.

---

Jirani wa Nairobi

Salamu wadau. Huku kwetu hii mambo iliandikwa hadi kwenye Katiba. Ibara ya 43(2) ya Katiba ya 2010 inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Lakini Oktoba 2015 kuna mwanaume aligongwa na gari, akakaa ndani ya ambulensi saa 18 akizungushwa hospitali hadi hospitali hapa Nairobi na viungani. Huku ICU imejaa, kule wanataka amana. Akafa. Katiba ilikuwa na miaka mitano wakati huo.

Baadaye ikaja Sheria ya Afya ya 2017, kwamba taasisi yenye uwezo wa kutoa huduma ya dharura ikikataa inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 3. Imesaidia kidogo, hasa kwa sababu wanaharakati wanaenda kortini. Mahakama Kuu mwaka 2015 ilisema kuzuilia akina mama hospitalini Pumwani sababu ya bili ni kinyume cha sheria. Na yule mama wa Bungoma aliyejifungulia sakafuni 2013 na wauguzi wakampiga makofi, 2018 mahakama ikampa fidia ya milioni 2.5. Kwa hiyo mwombe Mungu lakini pia mwende kortini.

---

Chuma Chakavu

Milioni 2.5 za Kenya baada ya miaka mitano. Na makofi yake hayafutiki.

---

Mzee wa Ilala

Na ile ya kupasua kichwa badala ya mguu vipi? Vijana wengi humu hawakuwepo.

---

Tabibu wa Zamu

Mzee, umenikumbusha. Novemba 2007, Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Vijana wawili, wote jina la kwanza Emmanuel. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwingine la kichwa. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa alifariki. Nchi nzima ilishika kichwa.

Msicheke mkadhani ni sisi tu. Mwaka 2018 Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilifungua fuvu la mtu aliyekuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji, wakati mwenye damu iliyoganda kwenye ubongo yuko kitandani. Waligundua wakiwa wameshaingia ndani kwa saa kadhaa, wanatafuta damu hawaioni.

Sasa angalieni kitu kimoja. Katika matukio yote mawili naamini fomu za idhini zilikuwepo, zimesainiwa vizuri. Kilichokosekana ni mtu kusimama kando ya kitanda kabla ya nusukaputi na kumuuliza mgonjwa: unaitwa nani, majina yako yote? Unakuja kufanyiwa nini? Upande gani?

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa upasuaji, vipengele 19, inasomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya kumpa mgonjwa nusukaputi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla hajatoka chumba cha upasuaji. Wengi hawajui kwamba katika hospitali nane zilizoijaribu duniani, pamoja na za London, Toronto na Seattle, moja ilikuwa Ifakara, Morogoro kwetu. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka 11 hadi 7. Hakuna mashine mpya, hakuna dawa mpya. Kusoma orodha kwa sauti na kila mtu chumbani kujitaja jina.

Leo nenda baadhi ya vyumba vya upasuaji, utakuta ile orodha imebandikwa ukutani na nakala iliyotikiwa yote iko kwenye faili. Ukiwauliza nani aliisoma, wanaangaliana. Imeshakuwa karatasi nyingine.

---

Nesi Mbeba Mabox

Niko Marekani, nesi mwenye leseni huku, nilianza kazi Bongo. Nataka mjadili kesi moja iliyotutikisa manesi wote.

Desemba 2017, hospitali kubwa Nashville, jimbo la Tennessee. Nesi RaDonda Vaught alitumwa dawa ya kumtuliza mgonjwa kabla ya kipimo, midazolamu, ambayo jina lake la biashara ni Versed. Kabati la dawa la kompyuta halikuitoa kwa jina alilotafuta, akabonyeza kitufe cha kupita vizuizi, akaandika herufi mbili za mwanzo, VE, ikatoka vekuronamu, dawa ya kulegeza misuli yote mpaka ya kupumua. Hakusoma vizuri, akachoma. Mgonjwa akafariki. Yeye mwenyewe alisema alichofanya, hakuficha. Hospitali ikamalizana na familia nje ya mahakama. Nesi akafutiwa leseni, akashtakiwa jinai, Machi 2022 akakutwa na hatia, Mei akapewa miaka 3 ya uangalizi nje ya gereza.

Manesi waliandamana nje ya mahakama. Hoja yao: mkiwafunga wanaosema ukweli, kesho nani atasema? Mimi mpaka leo sijui nisimame wapi. Mama wa watu amekufa akiwa hawezi hata kupiga kelele.

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Nesi, na hicho ndicho kinachotokea huku. Likitokea kosa, kitu cha kwanza unachosikia ni "faili liko wapi?" na wanaolitafuta siyo wa kulisoma.

---

Wakili wa Mkoani

Nawaeleza wahudumu wote mnaosoma hapa, hasa vijana wa mafunzo kwa vitendo. Faili likirekebishwa baada ya tukio, umeihamisha kesi yako kutoka kwenye kukosea hadi kwenye kuficha. Kukosea kunaelezeka: dawa zinafanana, taa ilikuwa imekatika, ulikuwa na wagonjwa arobaini. Ukurasa uliochanwa hauelezeki. Ukitaka kusahihisha ulichoandika, piga mstari mmoja ili cha zamani kisomeke, andika kipya, tarehe, saa, sahihi. Usifute kwa wino mweupe.

Kuhusu Vaught, kwa maoni yangu jinai ilizidi. Kufutiwa leseni kulitosha. Lakini hospitali iliyolipa na kukaa kimya, hiyo ndiyo ningependa kuiona kizimbani.

---

Nesi Mbeba Mabox

Hapo tumekubaliana wakili.

---

Binti wa Tandale

Samahani nachepuka kidogo. Mdogo wangu alilazwa, ameungua moto. Siku ya tatu nakuta picha yake kwenye grupu la WhatsApp la mtaani, amelala, vidonda vyote nje, sura inaonekana. Imepigwa kutoka juu ya kitanda, yaani mpigaji kasimama pale wanaposimama wao. Nikauliza nikaambiwa ilikuwa "kwa ajili ya kufundishia". Kuna sheria hapo au ndiyo imetoka?

---

Wakili wa Mkoani

Binti, pole sana wewe na mdogo wako. Sheria ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za afya zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, maana yake haziguswi bila ridhaa ya maandishi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayopokea malalamiko. Juu ya hapo Katiba yenyewe, Ibara ya 16, inalinda faragha. Hifadhi picha ya ujumbe ulivyoonekana kwenye grupu, tarehe na saa, namba iliyotuma. Usianze kugombana nao kwanza, watafuta.

---

Tabibu wa Zamu

Niongeze kama mwenzao. Picha za kufundishia zipo kweli, daktari bingwa anaweza kuhitaji kuona kidonda kabla hajasafiri. Lakini utaratibu wake ni kumwomba mgonjwa, kuficha sura, kutoandika jina wala namba ya faili, na kumtumia huyo bingwa peke yake. Grupu la kazini lenye watu 180, wakiwemo madereva na waliokwisha hama kituo, ni uwanja wa mpira. Na siku hizi kuna wanaojirekodi TikTok wakicheza wodini, nyuma yao mama kakaa kitandani na khanga. Yule mama hajaomba kuwa mapambo ya video ya mtu.

---

Msomaji Kimya

Nimejisajili leo kwa ajili ya swali hili. Mtu akipima VVU akikutwa nao, nesi ana haki ya kumwambia mwenza wake? Na wifi?

---

Tabibu wa Zamu

Karibu. Sheria ya UKIMWI ya 2008 inasema majibu ni siri, na kupima ni kwa hiari, na ushauri nasaha kabla na baada. Wanaoweza kupewa majibu mbali na aliyepimwa wametajwa kwenye sheria, ni wachache: mzazi au mlezi kwa mtoto, mwenza, na mahakama inapohusika. Wifi hayumo. Shangazi hayumo. Mchungaji, sheikh, mwajiri, mwenye nyumba, hawamo. Mhudumu anayewaambia hao ametenda kosa.

Kwa mwenza, sheria inakupa wajibu wewe uliyepima kumwambia. Washauri wazuri hawakimbilii kumpigia simu. Wanakusaidia upange namna ya kusema, mnaweza hata kuja wote wawili kituoni mkaambiwa pamoja, hasa kama unaogopa kupigwa. Mwambie mshauri wazi kwamba unaogopa, aandike. Pia jua kwamba tangu marekebisho ya 2019 mtu wa miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi, na mtu mzima anaruhusiwa kujipima mwenyewe. Dawa ni bure. Usipotee kliniki kwa sababu ya mdomo wa mtu mmoja, nenda kituo kingine ukibidi.

---

Mzee wa Ilala

Sasa siri ina mwisho au haina? Mtoto kaletwa ana alama za mkanda mgongoni, baba anasema kaanguka.

---

Tabibu wa Zamu

Ina mwisho, mzee. Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa wajibu wa kutoa taarifa serikali za mitaa, na mhudumu wa afya naye ni mwanajamii. Afisa ustawi wa jamii wa hospitali anaitwa siku hiyohiyo, kabla baba hajachukua ruhusa. Mahakama ikiamuru, siri inafunguka. Magonjwa ya mlipuko yanatolewa taarifa kwa lazima. Lakini unaitoa kwa anayehusika tu, na kiasi kinachohitajika tu. Kumripoti baba ustawi wa jamii ni wajibu. Kuisimulia kantini ni umbea.

---

Chuma Chakavu

Na maiti je? Mbona mnaikwepa? Watu wanachangisha mtaani kukomboa mwili.

---

Sista wa Wodi ya Wazazi

Wizara imeshatoa maelekezo zaidi ya mara moja kwamba mwili usizuiwe kwa deni. Familia iingie makubaliano ya kulipa taratibu, kuna ustawi wa jamii na msamaha kwa wasio na uwezo. Ukizuiwa, usibishane na mtu wa mochwari, yeye hana mamlaka. Nenda kwa mganga mfawidhi, asipokusikiliza nenda kwa mganga mkuu wa wilaya, halafu kwa mkuu wa wilaya. Na muombe aliyekataa aandike sababu na jina lake. Mara nyingi hapo hapo mwili unatoka.

---

Jirani wa Nairobi

Hiyo ya kuomba waandike jina nimeipenda. Nimeiba.

---

Binti wa Tandale

Wakili, swali la mwisho. Faili la mdogo wangu naweza kupewa nakala? Nesi kaniambia faili ni mali ya hospitali.

---

Wakili wa Mkoani

Faili kama jalada ni la hospitali, hapo hakudanganya. Taarifa zilizomo ni za mgonjwa, na sheria ile ya 2022 inampa haki ya kuzifikia. Andika barua kwa mganga mfawidhi, mdogo wako asaini mwenyewe kama ametimiza miaka 18, kama bado mzazi au mlezi asaini. Taja tarehe za kulazwa na namba ya faili, omba nakala za maelezo ya daktari, chati ya dawa na majibu ya vipimo. Peleka nakala mbili, ya kwako igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Wakikaa kimya, nitafute inbox, tutaandika ya pili kwenda Tume.